Askari Asiye na Kaburi

Mtu afapo kwao, hapa Ufipa, watoto wake huonyeshwa kaburi. Je, kijana aliyefia vitani ng'ambo ataonyeshwa wapi? Twapenda kulieleza jambo hili.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Bahari haina kaburi. Kwa hiyo majina yao yaliandikwa katika ukumbusho ulioko Nairobi. Majina ya waliopotea katika misitu ya Burma yaliandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon.

Vita ya 1914-1918 haikuwa hivyo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina hata moja, na maelfu ya wapagazi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita iliomba radhi kwa tofauti hiyo.

Basi, mzee mwenye ndugu wa namna hii na amtajie mwalimu jina lake, la baba yake na la kijiji chake, liandikwe sawasawa. Wajuao majina hayo wanapungua kila mwaka.