Anayemuuguza mzee naye apimwe

KILA mgonjwa wa kiharusi anayeletwa kliniki huja na mtu wa kumshikilia. Aghalabu huwa ni mwanamke: binti aliyerudi nyumbani, au mke wa yule mtoto wa kiume aliyebaki kijijini. Yeye ndiye ajuaye mzee alilala vipi, alikula nini na vidonge vimebaki vingapi. Daktari humuuliza hayo yote, akaandika majibu, kisha akamwambia, "Haya mama, mrudi baada ya mwezi mmoja." Hali yake mwenyewe huwa hakuna anayeiuliza.

Juma hili ningependa wasomaji wamtazame mtu huyo. Nitatumia mfano wa jamaa yangu, nao wameniruhusu.

Mama yetu alipatwa na kiharusi mwaka wa 2021, akiwa na umri wa miaka 74. Upande wa kulia ulipooza, na usemi uliopotea ulirejea nusu tu. Tumezaliwa wanne. Mimi niko Mombasa, dada yangu ni mwalimu Nairobi, kitindamimba yuko kazini Doha, na kaka yetu mkubwa ndiye aliyebaki Taita, karibu na Wundanyi. Mama alipotoka hospitalini tulikubaliana kwamba kila mmoja atoe fungu lake la pesa kila mwezi, naye mama akae kwa kaka. Katika mila zetu halihitaji kufafanuliwa hilo. "Kwa kaka" maana yake ni mikononi mwa mke wa kaka.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, ili damu iendelee kupita kwenye ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Asipogeuzwa, ngozi hufa, na kidonda kikichimbika huweza kufika hadi mfupani. Hulishwa akiwa ameketishwa wima, kijiko kidogo baada ya kijiko kidogo, na hangoji kulazwa mara moja bali hukaa kama nusu saa, kwani koo lililolegea hupitisha chakula mapafuni na kuleta nimonia. Nimonia hiyo huua wagonjwa wengi wa kiharusi. Kuna nepi za kubadilisha, mashuka ya kufua, mkono na mguu wa kunyoosha visikakamae, na dawa asubuhi na jioni. Mama ana uzani wa kilo 70. Shemeji ana kilo 55.

Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mtoto aliye mbali huweza kulipia dawa za mzazi wake akiwa bado amesimama stendi akingoja matatu. Silidharau jambo hilo, kwani nimeona limeokoa maisha. Lakini pesa zikishafika kwenye simu, bado lazima mtu aamke saa nane za usiku.

Mwaka wa 2023 nilikwenda nyumbani kwa matanga ya jirani, nami nilikuwa na mashine ya kupimia presha ndani ya gari. Kama ijulikanavyo, daktari akifika kijijini kila mtu hunyoosha mkono. Shemeji alikuwa wa mwisho, tena baada ya kuitwa mara mbili. Ilikuwa 172 kwa 104. Nilimketisha dakika 5 nikampima tena, na asubuhi yake nikarudia: 168 kwa 100. Alikuwa na miaka 46. Alisema kichwa kimekuwa kikimuuma miezi mingi akadhani ni usingizi tu. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda zahanati, alinijibu, "Shemeji, nikienda, mama nitamwacha na nani?"

Presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, hiyo ni ugonjwa, hata kama mwenyewe anajisikia mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 humu nchini anayo, na wengi wao hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Siwezi kuapa kwamba kuuguza ndiko kulikomletea shemeji presha, kwani mamake mzazi pia alikuwa nayo. Hata hivyo, presha ya mtu mwenye afya hushuka alalapo. Anayeamshwa kila saa 2 kwa miaka miwili hapati usiku wa kutosha wa presha hiyo kushuka.

Tulikutana kwa simu sote wanne, na mkutano haukuwa mtamu. Dada alitukumbusha ni nani hutoa fungu kubwa zaidi. Kitindamimba alitaka tuongeze pesa, yaishe. Mwishowe tulimwajiri msichana wa kijijini wa kusaidia mchana. Usiku ulibaki kuwa mgumu, kwa sababu kwetu ni aibu mtoto wa kiume kumwosha mamake. Kaka alikubali kumgeuza na kumpa uji na dawa, na kuosha kukabaki kwa wanawake. Kuna watakaosema hayo ni nusu mkate. Mimi nimeridhika nayo, kwani shemeji sasa hulala saa 6 mfululizo.

Kwa upande wangu, nilifunga kliniki Jumamosi mbili za kila mwezi. Jumamosi ndiyo siku yenye wagonjwa wengi kuliko zote, basi pengo la mapato si dogo. Nyumba tuliyokuwa tukijenga Mtwapa imesimama kwenye msingi, na magugu yameota humo. Mke wangu hakunizuia, ila aliniambia wazi kwamba watoto wangu nao wana haki ya baba yao. Kwa hivyo mara moja kwa mwezi hupanda nami, tukipitia Voi na Mwatate. Binti yetu wa miaka 15 amejua kumlisha nyanyake bila kumpalia. Huyu wa kiume bado hushinda kwenye simu yake.

Nawaomba wenzangu madaktari na wauguzi wafunge mashine kwenye mkono wa anayemleta mgonjwa pia, na wamuulize analala saa ngapi. Ndugu walio mjini wafanye vivyo hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mashine za kupimia presha na sukari mwaka wa 2023, na huweza kufika nyumbani ikiwa hakuna wa kumwachia mzee. Akianza kulia ovyo, kumkaripia mzee au kusema angetamani yaishe, asihukumiwe kuwa hana mapenzi. Apewe siku za kupumzika, na atafutiwe mtu wa kushika zamu yake.

Shemeji anatumia dawa. Mwanzoni vifundo vya miguu vilimvimba, tukabadilisha kidonge, na alipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 134 kwa 84. Mwezi wa Aprili alikwenda kwao akakaa siku 5, mara ya kwanza tangu 2021. Alipiga simu mara tatu kila siku, kuuliza kama mama amegeuzwa.