Vijana na Kujitolea Baada ya Maafa ya Asili

Swali kuhusu maafa huonekana rahisi. Watahiniwa wengi huandika kwamba umoja ni nguvu na kwamba vijana ni nguvukazi ya taifa, kisha hoja zinawaishia. Somo hili litakusaidia kueleza vijana hufanya nini hasa, wakati gani, na kwa utaratibu upi.

1. Maana ya dhana

Janga la asili ni tukio kama mafuriko, ukame, tetemeko la ardhi au maporomoko ya udongo. Janga huwa maafa pale madhara yake yanapozidi uwezo wa jamii husika kuyakabili peke yake. Kujitolea ni kutoa nguvu, muda au ujuzi kwa hiari, bila kudai malipo. Tazama uhusiano wa dhana hizi: kwa kuwa jamii iliyopatwa na maafa imezidiwa, mikono ya wengine inahitajika.

2. Mfano halisi: Hanang, 2023

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Matope, mawe na magogo yaliteremka kwa kasi hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka na mashamba yalifukiwa. Wananchi, vyombo vya ulinzi na usalama na Chama cha Msalaba Mwekundu walishiriki uokoaji, na baadhi ya shule ziligeuzwa makazi ya muda ya waathirika.

3. Mchango wa vijana kwa hatua

(a) *Saa za mwanzo.* Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali: kabla magari ya uokoaji hayajafika, aliye karibu ndiye mwokoaji. Kijana anaweza kupiga simu namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na kuwasaidia wazee, watoto na watu wenye ulemavu kuhamia mahali salama. Pia anaweza kuwaonyesha waokoaji nyumba ilisimama wapi na nani alilala humo. Matope yakishafunika mtaa, mgeni hawezi kujua hayo, mwenyeji anajua.

(b) *Siku na wiki za kwanza.* Kambini kuna kazi nyingi zisizohitaji misuli. Kijana anayejua kusoma na kuandika anaweza kuandikisha waathirika, ili familia zilizotengana zikutane na msaada ugawiwe kwa haki. Wengine huchota maji, hupika, huchimba vyoo au hukaa na watoto waliofiwa. Mafuriko na matope huchafua visima, hivyo elimu ya kuchemsha au kutibu maji na kunawa mikono kwa sabuni huzuia kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

(c) *Miezi inayofuata.* Wageni huondoka, lakini shida hubaki. Madarasa yanahitaji kusafishwa, mashamba kulimwa upya, na wanafunzi waliopoteza daftari wanahitaji wenzao wa kuwaazima. Waathirika wa Hanang walijengewa nyumba mpya katika kijiji cha Waret, na kazi hiyo haikumalizika kwa wiki moja. Kijana anayejitolea katika kipindi hiki anaziba pengo ambalo wengi hawalioni.

4. Masharti ya kujitolea kwenye manufaa

- *Usalama.* Usiingie kwenye maji yaendayo kasi au matope mabichi bila mafunzo na vifaa. Mwokoaji akizama, waokoaji wanakuwa na watu wawili wa kuokoa.
- *Uratibu.* Jiandikishe kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kamati ya maafa au Msalaba Mwekundu. Watu mia moja wasio na kiongozi wanaweza kuziba barabara ambayo gari la wagonjwa linahitaji kupita.
- *Kutoa kinachohitajika.* Uliza kwanza. Nguo zilizochakaa huwaongezea wenye kambi kazi ya kuchambua na kutupa.
- *Staha.* Usipige wala kusambaza picha za marehemu au za watu walio katika uchungu.

5. Namna ya kujenga hoja

Hoja dhaifu: "Vijana husaidia waathirika kwa sababu wana nguvu."

Hoja imara: "Vijana husaidia kuandikisha waathirika kambini. Orodha hiyo huonyesha nani hajapatikana na familia ipi haijapata chakula, hivyo uokoaji na ugawaji hufanyika bila kubahatisha."

Hoja ya pili inataja kazi, inaeleza inavyofanyika na kuonyesha matokeo. Tumia mpangilio huo kwa kila hoja: kazi, maelezo, matokeo. Mfano wa Hanang uutumie kuthibitisha hoja; usiugeuze kuwa insha nzima.

6. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha janga na maafa kwa kutumia mfano mmoja.
2. Kwa nini wenyeji ni muhimu katika saa za mwanzo za uokoaji?
3. "Nia njema pekee haitoshi." Jadili kauli hii kwa hoja nne ukirejelea vijana wanaojitolea baada ya maafa.
4. Taja eneo moja la kijiji au mtaa wako linaloweza kukumbwa na mafuriko au maporomoko. Eleza kazi tatu ambazo vijana wa hapo wanaweza kujiandaa kuzifanya.

Zingatia: Swali la 4 lijibu kwa makini hata kama halitatoka kwenye mtihani. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na maporomoko ya Hanang yalitokea mwanzoni mwa Desemba. Wakati unasubiri matokeo, mvua ikizidi mahali ulipo, huenda wewe ndiye utakayekuwa jirani wa karibu.