Baiskeli Kati ya Garsen na Chara: Udongo, Msimu na Malka

Baiskeli ya mlimani ilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, kwa vijana waliopenda kuteremka milima kwa kasi. Huku Delta ya Tana hatuna mlima hata mmoja. Kutoka Garsen hadi baharini ardhi inateremka kidogo mno, mpaka mto wenyewe unagawanyika kwa kukosa pa kukimbilia. Hata hivyo baiskeli hizi zenye gia na matairi mapana zinatufaa sana, kwa sababu shida ya njia zetu ni mchanga, nyufa na tope. Black Mamba bado haina mpinzani kwa gunia la mahindi au madumu ya maji, lakini kwa mtu mmoja anayetaka kufika Ngao au Chara bila kulipia bodaboda, tairi pana linampunguzia kazi.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba njia bapa si lazima iwe njia rahisi. Kinachoamua ni udongo. Mto Tana unapofurika, maji yanapotoka tu kwenye kingo hupunguza kasi na kuangusha kwanza mchanga na udongo mzito. Udongo laini wa mfinyanzi huchukuliwa mbali zaidi na kutua mabondeni maji yanapotulia. Baada ya mafuriko mengi, kando ya mto pamejengeka tuta la asili, lililoinuka kidogo na lenye udongo unaopitisha maji. Ndiyo maana vijiji vingi vya Wapokomo na miembe yao viko juu ya tuta hilo, na vijia vya zamani vinapita humo humo. Ukifuata miembe, kwa kawaida uko mahali pakavu na penye kivuli. Ukikata njia ya mkato kupitia bondeni, umeingia kwenye udongo mweusi.

Udongo mweusi una tabia mbili. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kumeza gurudumu la mbele, na nyayo za ng'ombe zilizokauka huwa ngumu kama matofali. Mvua ikinyesha, hata ya nusu saa, unageuka gundi. Unajaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na anayeendelea kulazimisha pedeli hukata cheni. Shuka, toa tope kwa kijiti, kisha beba baiskeli au isukume juu ya majani pembeni. Wanaotumia baiskeli kila siku huondoa madigadi kabisa msimu wa mvua, na nadhani wako sahihi, ingawa shati la nyuma litalipa gharama.

Kwa hiyo msimu huja kabla ya ratiba. Mvua ndefu huanza mwezi wa Aprili na za vuli hunyesha Novemba na Desemba. Lakini Tana inaweza kufurika hapa kukiwa na jua kali, kwa kuwa maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Njia iliyokuwa kavu Jumatatu yaweza kuwa chini ya maji Ijumaa bila tone la mvua Garsen. Uliza waliotoka huko asubuhi hiyo. Na maji yanayopita juu ya njia usiyavuke kwa baiskeli, hata yakionekana ya magotini: huoni shimo lililo chini wala mamba aliye kando.

Kwa anayeanza, kipande kizuri ni Tarasaa, Ngao hadi Golbanti. Vijiji viko karibu, watu wanapita, na hospitali ya serikali iko Ngao. Golbanti ni mahali pa historia: wamishonari wa Kimethodisti, John Houghton na mkewe Annie, waliuawa hapo mwaka 1886 katika uvamizi. Ukizidi kuelekea Chara, delta inafunguka na mikondo inaongezeka. Upande huo ndiko kwenye habari za mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi. Ulianza kuwa mtaro wa mitumbwi. Baadaye maji ya mto yakahamia humo, na leo Tana inaingia baharini Kipini. Mahali pa kuvuka kwa mtumbwi, patana bei kabla ya kupanda, laza baiskeli chini katikati ya chombo, nawe ukae chini. Usiishike wima.

Kuna pia barabara za matuta katika mashamba ya mpunga ya TARDA upande wa Gamba, Wema na Hewani. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yaliharibu sehemu kubwa ya mradi huo, kwa hiyo tuta laweza kukatika ghafla mbele yako. Hizo ni mali za mradi; omba ruhusa kwanza.

Kuhusu wanyama, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni kiboko. Hutoka majini jioni kwenda kula majani na kurudi alfajiri, na hupita njia zile zile kila siku. Akikukuta umesimama kati yake na maji, hatageuka. Anza safari jua likishachomoza vizuri, tuseme saa moja asubuhi, na uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukiona kijia kipana chenye mifereji miwili iliyokanyagwa kuelekea mtoni, hicho ni chake. Ukiumwa na nyoka, usikate jeraha wala usifunge kamba. Tuliza kiungo kilichoumwa na utafute usafiri wa hospitali mara moja. Usijiendeshe mwenyewe.

Halafu kuna malka, njia za mifugo kwenda kunywa maji. Wageni huziona kama barabara pana iliyo tupu. Kwa kaunti hii malka si jambo dogo: ugomvi wa maji, malisho na mashamba umetugharimu maisha ya watu wengi, hasa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013. Ukikutana na kundi, shuka, simama kando, usipige kengele. Ng'ombe wenye kiu wakishtuka huingia shambani mwa mtu, na hapo kosa lako la dakika moja linakuwa kesi ya vijiji viwili. Salimu mchungaji, mngoje apite. Vivyo hivyo, usikate katikati ya shamba lililolimwa kwa sababu tu halina ua.

Kwenye mchanga, weka gia nyepesi, punguza upepo kidogo kwenye matairi, usikate kona ghafla. Breki ya mbele iguse taratibu. Miiba ya mathenge, mti uliopandwa kwenye miradi ya umwagiliaji tangu miaka ya 1980 kisha ukasambaa wenyewe, ndiyo sababu kubwa ya pancha. Beba tyubu moja, viraka, gundi na pampu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi: mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, na utatoboa tena kabla hujamaliza kilomita moja.

Maji lita mbili kwa mtu mmoja ni kiasi cha chini. Miezi ya kusi, upepo unatoka upande wa bahari na huzidi mchana, kwa hiyo elekea Chara asubuhi kukiwa kumetulia, ukusukume ukirudi. Mwambie mtu wa nyumbani au mzee wa nyumba kumi unapitia wapi na utarudi saa ngapi. Anayetaka kutoka na kushika barabara kuu ya Witu na Lamu aulize kwanza kituo cha polisi hali ya usalama siku hiyo.

Mafundi wa baiskeli wapo Garsen. Wape wakaze breki na spoki siku moja kabla, maana siku ya soko foleni huwa ndefu.