Njia za Baiskeli Kando ya Bahari: Oysterbay, Masaki na Kigamboni, na Usalama wa Wanaozitumia

Alfajiri za mwisho wa juma, kabla magari hayajajaa barabarani, waendesha baiskeli huonekana wakiwa katika makundi kwenye barabara za Oysterbay na Masaki, Manispaa ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Baadhi yao huendesha kwa ajili ya mazoezi ya mwili. Wengine, ambao hawaonekani sana katika picha za mitandaoni, ni walinzi wanaotoka zamu, mafundi, watunza bustani, na wauza samaki na mikate wanaoitegemea baiskeli siku zote saba za juma. Makundi haya mawili hutumia lami ileile na hukabiliwa na hatari zilezile. Kwa sababu hiyo, kuzifahamu njia hizo ni jambo linalohusu maisha ya watu, si burudani pekee.

Daraja la Tanzanite

Kwa miaka mingi, aliyetaka kutoka katikati ya jiji kwenda Oysterbay kwa njia ya karibu na bahari alilazimika kupita Daraja la Selander katika Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Daraja hilo limepewa jina la John Einar Selander, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika. Msongamano wa magari mahali hapo ulimwacha mwendesha baiskeli na nafasi finyu kati ya ukingo wa barabara na magari yaliyokuwa yakimpita.

Hali hiyo ilibadilika baada ya kukamilika kwa Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Daraja hilo lenye urefu wa kilomita 1.03 linapita juu ya maji ya bahari, likiunganisha eneo la Hospitali ya Aga Khan na ufukwe wa Coco. Lina njia nne za magari na njia za waenda kwa miguu pembeni. Kwa mwendesha baiskeli, daraja hilo limeunganisha Barabara ya Barack Obama, inayopita kando ya bahari upande wa jiji, na Barabara ya Toure inayoambaa ufukwe wa Oysterbay hadi Masaki.

Hata hivyo, darajani hakuna mti wala jengo la kuzuia upepo. Mwendesha baiskeli anayesukumwa na upepo wa ubavuni huweza kuyumba na kuingia katika njia ya gari bila kukusudia. Ni vyema ashike usukani kwa mikono yote miwili, apunguze mwendo, na asijaribu kumpita mwenzake akiwa juu ya daraja.

Kuizunguka Rasi ya Msasani

Njia inayopendwa zaidi ni mzunguko wa Rasi ya Msasani. Mwendesha baiskeli huanzia Coco, huelekea kaskazini kwa Barabara ya Toure, kisha hurejea kusini kwa Barabara za Chole na Haile Selassie. Eneo hilo halina milima mikali, na anayeanza mazoezi anaweza kulimudu.

Swali ambalo wengi hawalifikirii ni waanze upande gani. Kwa kuwa Tanzania vyombo vya usafiri hupita upande wa kushoto, anayekwenda kaskazini kwa Barabara ya Toure na kurudi kwa Haile Selassie hukata kona zake kuu akielekea kushoto. Halazimiki kukatisha mbele ya magari yanayokuja. Anayezunguka kinyume chake hupata faida nyingine: anaposhuka kusini kwa Barabara ya Toure, bahari huwa kushotoni kwake, na upande huo una njia panda na milango ya nyumba michache zaidi. Lakini kona zake nyingi zitakuwa za kulia. Kwa mtu ambaye hajazoea barabara, mwelekeo wa kwanza una usalama zaidi.

Upepo nao huamua ugumu wa safari. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki. Wakati wa kusi, hasa kati ya Mei na Septemba, huvuma kutoka kusini. Busara ni kuanza safari kwa kukabili upepo nguvu zikiwa bado mwilini, ili wakati wa kurudi upepo uwe msaada.

Njia hii ina vikwazo vyake pia. Upepo hupuliza mchanga wa ufukweni hadi kwenye lami, na tairi jembamba huteleza kwa urahisi linapokanyaga mchanga kwenye kona. Jioni za mwisho wa juma, watu hufurika Coco kwa ajili ya muhogo, mishikaki na madafu. Magari husimama pembeni na milango hufunguliwa ghafla. Anayepita hapo anapaswa kuacha nafasi ya upana wa mlango kati yake na magari yaliyosimama, na kuangalia kama ndani yake kuna watu.

Kuvuka kwenda Kigamboni

Wenye uzoefu huongeza safari hadi Kigamboni. Hufuata Barabara ya Barack Obama, hupita Hospitali ya Ocean Road hadi eneo la Soko la Samaki la Feri, na kuvuka kwa kivuko kutoka Magogoni. Upande wa pili, barabara huelekea Mjimwema na Kibada, na kwa wenye nguvu zaidi, huendelea hadi Kimbiji. Kadiri mtu anavyotoka mjini, ndivyo magari yanavyopungua na minazi kuongezeka.

Kurudi kunawezekana kwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016 juu ya mkondo wa Kurasini. Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni baada ya kushuka daraja hilo, kwani Kurasini ni njia ya malori yanayoingia na kutoka bandarini. Dereva wa lori refu hawezi kumwona mtu aliye karibu na ubavu wa kushoto wa gari lake, na linapokata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hubana kuelekea ukingoni. Mwendesha baiskeli asijipenyeze kamwe kati ya lori na ukingo wa barabara, hata kama lori limesimama kwenye taa. Asiyezoea mazingira hayo ni afadhali arudi kwa kivuko.

Mwendo, mwanga na sheria

Kikomo cha mwendo wa magari katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari husafiri takribani mita 14 kila sekunde, yaani kabla dereva hajakanyaga breki tayari amekwishamkaribia aliye mbele yake. Mwendo unapoongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Barabara iliyo wazi alfajiri humshawishi dereva kukimbia, na ndiyo saa ambayo waendesha baiskeli wengi wapo njiani.

Jua la Dar es Salaam huchomoza kabla kidogo ya saa 12:00 asubuhi mwezi Novemba, lakini mwezi Julai huchelewa hadi baada ya saa 12:30. Anayetoka saa 11:30 alfajiri anahitaji taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na kizibao cha kuakisi mwanga. Kofia ngumu, breki mbili zinazofanya kazi na kengele havigharimu zaidi ya matibabu ya jeraha la kichwa.

Baiskeli ni chombo cha usafiri barabarani, na anayeiendesha anawajibika kufuata sheria: kusimama kwenye taa nyekundu, kuwapisha waenda kwa miguu kwenye kivuko, na kutopita upande usio wake. Kwa upande wao, madereva wa magari, bajaji na bodaboda wanapaswa kumpita mwendesha baiskeli kwa nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na kusubiri pale ambapo nafasi hiyo haipo.

Dar es Salaam imekwishaonesha kuwa mtumiaji wa baiskeli anaweza kutengewa nafasi yake. Ujenzi wa awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro uliambatana na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji lilipata Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu. Njia hizo zina manufaa pale tu zinapoachwa wazi. Pikipiki inayopita humo, au gari linaloegeshwa juu yake, humrudisha mwendesha baiskeli katikati ya magari, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyekuwa akienda kazini.