Unahepa Ocha na Tuktuk Inabaki Nje Obunga? Hiyo Karatasi Unayoifungia Ndiyo Itaimaliza!

Madere wa tuktuk wa Obunga wanaijua hii shida. Ploti haina geti, nafasi iliyobaki ni ya kando ya mtaro, na kukodi mahali penye paa ni doo ambayo haipo. Kukitokea matanga Siaya ama Homa Bay, au ukingoja spea ifike, chombo kinasimama nje wiki tatu, wiki nne. Ukirudi, viti vinanuka ukungu, breki zimekwama, betri imekufa. Na mkopo haujali ulikuwa wapi.

Sasa angalia vile wasee wengi hufanya. Wanachukua ile karatasi nyeusi ya nailoni, wanaizungusha tuktuk mpaka chini kwa udongo, wanakaza na blada, kisha wanapanda matatu. Kwa macho iko sawa kabisa. Lakini mchana jua linapiga, maji yaliyo ardhini yanapanda kama mvuke na yanakosa pa kutokea. Usiku kukiwa baridi, mvuke unageuka matone upande wa ndani wa karatasi na kudondokea viti, nyaya na mabati. Hiyo inarudiwa kila siku. Yaani umekinga mvua ya nje halafu ukatengeneza mvua yako mwenyewe ndani. Tuktuk iliyoachwa wazi inaloa jioni na kukauka saa nne asubuhi. Hiyo uliyoifunga haikauki.

Kwa hivyo tafuta turubai, si nailoni. Lifunike paa na viti, lakini lisifike chini. Wacha nafasi kama ya futi moja kutoka ardhini ndio hewa ipite. Juu ya paa weka gunia lililojazwa nguo kuukuu ama jerikeni tupu, ili turubai liwe na mgongo na maji yateremke. Paa la tuktuk likilegea katikati linafanya dimbwi, na dimbwi ndilo linalopasua mishono. Uzi ndio huoza kwanza kabla ya kitambaa, hasa Kisumu ambapo tuko karibu kabisa na ikweta na jua ni kali mwaka mzima.

Kamba zifunge kwa chesisi, si kwa nguzo ya jirani. Kati ya Machi na Mei mvua hupenda kuja alasiri ama jioni, na mara nyingi upepo ndio hutangulia. Turubai lililolegea linakuwa tanga la mashua, na tuktuk ni nyepesi. Ukiona kuna mabati yamewekewa mawe tu juu ya paa la karibu, sogeza chombo. Bati likiruka haliulizi ni ya nani.

Kuna story mtaani eti hewa ya ziwa ndiyo inaleta kutu. Hapana. Mombasa wana hiyo noma kwa sababu bahari ina chumvi. Victoria ni maji yasiyo na chumvi. Kutu ya hapa inatoka kwa matope yaliyogandia chini ya chombo na kushika unyevu wiki nzima. Na kama ulikuwa unabeba samaki, yale maji ya barafu na damu yaliyomwagika nyuma yanakula bati taratibu. Osha yote kabla ya kufunika, chini pia, halafu wacha ikauke jua la siku nzima. Kufunika chombo kikiwa na maji ni kazi bure.

Kuosha kuna sababu nyingine ambayo wa Obunga wataielewa haraka. Huku ndiko mgongo wazi hukaangwa, na harufu ya mafuta ya samaki inaita panya kutoka kila shimo. Panya akiingia chini ya kiti anajenga, na akikosa samaki anatafuna nyaya. Usiache hata gunia lililobeba omena. Ziba mdomo wa ekzosi na kitambaa, kisha ukifunge uzi mwekundu mrefu ndio usisahau kukitoa siku ya kuwasha.

Hendibreki usiivute. Hii wengi hawajui. Breki za tuktuk ni za dramu, na viatu vikibanwa hapo ndani na unyevu kwa wiki kadhaa, vinashikana na dramu mpaka fundi aje na nyundo. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ukiwa na jeki, inua chombo uegemeze chesisi kwa vipande vya mbao ili matairi yasikae kwa matope wala kupata ubapa upande mmoja. Matairi yenyewe yafunike na gunia, jua hupasua mpira.

Betri itoe, ukianza na waya wa hasi, uiweke kejani mahali penye hewa. Ukiiacha itajimaliza polepole, ama itapata mwenyewe mwingine. Petroli nayo wasee hubishana. Wengine husema jaza tanki ndio unyevu usipate nafasi. Ni kweli kwa tanki la chuma, lakini tanki lililojaa nje usiku, kwa mtaa wenye majiko ya kukaangia kila kona, mimi siwezi. Kama ni zaidi ya mwezi, toa mafuta. Kama ni ya kabureta, funga koki na uwache injini ichome yaliyobaki mpaka izime yenyewe.

Na ile oili chafu ya gereji ambayo watu hupaka chini? Inasaidia kwa chuma kitupu. Ikigusa mipira ya sasipensheni inaivimbisha, na ikigusa breki umejitafutia ajali. Paka na brashi ndogo, si kumwaga.

Mwisho, mpee mtu wa ploti soo mbili ama tatu afungue turubai kila wiki siku ya jua, kuanzia saa nne hadi saa nane. Amwage maji yaliyosimama, aangalie kama mtaro umeanza kumwaga upande wako, kisha afunike tena. Siku ukirudi, toa kitambaa kwa ekzosi kwanza, sukuma chombo hatua chache usikie kama magurudumu yako huru, rudisha betri, halafu ndio upige stata.