Moyo wa Mzee na Mashine ya Waganga

Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Amri hiyo haikomi siku wazazi wanapozeeka. Ndipo hasa inapokuwa nzito. Siku hizi imeleta swali ambalo babu zetu hawakulijua: mzazi mzee ambaye moyo wake umechoka, je, yafaa awekewe mashine kifuani? Na akiwa nayo tayari, je, ni halali kuizima? Tutazame jambo hili kwa utaratibu, wasomaji wapenzi, maana huruma isiyo na maarifa huweza kumwumiza yule tunayempenda.

Moyo uliochoka

Moyo wa mwanadamu ni msuli wenye ukubwa wa ngumi yake. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Ukidhoofika, hauwezi tena kusukuma damu ya kutosha: miguu huvimba, pumzi huwa fupi mtu apandapo kilima, na usiku mgonjwa hulala akiegemea mito. Dawa ndizo msaada wa kwanza. Mashine huja baadaye, nayo huwafaa baadhi ya wagonjwa tu.

Mashine hizo ni za namna tatu. Ya kwanza huamsha moyo unaopiga polepole mno. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm katika nchi ya Sweden, mganga Åke Senning alimwekea Arne Larsson mashine iliyotengenezwa na Rune Elmqvist. Ilidumu saa chache tu. Lakini Larsson alibadilishiwa nyingine nyingi, akaishi hata mwaka 2001, akafa kwa kansa ya ngozi akiwa na miaka 86. Ya pili hungoja kimya. Moyo ukianza kutetemeka ovyo, huupiga kwa umeme ili urudie mwendo wake. Ilibuniwa na Michel Mirowski, ikawekwa katika mwili wa mtu mara ya kwanza huko Baltimore, Marekani, mwezi wa Februari 1980. Ya tatu huzipatanisha pande mbili za moyo zipige pamoja, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu ya pumzi na nguvu.

Umri na udhaifu

Je, mzee wa miaka 80 anyimwe mashine kwa sababu ya miaka yake? La. Yuko mzee wa miaka 80 anayelima bustani yake, na yuko wa miaka 65 asiyeweza kuinuka kitini. Mwaka 2001 mganga Linda Fried na wenzake wa Marekani walieleza dalili tano za udhaifu wa uzee: kukonda bila kutaka, kuchoka daima, mkono usioshika kwa nguvu, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mtu wa namna hiyo hupona kwa shida baada ya kupasuliwa.

Tena, mashine hulinda mlango mmoja tu. Mwaka 2016 waganga wa Denmark walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 1,116 ambao mioyo yao imechoka, bila mishipa ya moyo kuziba. Nusu yao waliwekewa mashine ya kupiga umeme. Vifo vya ghafula vilipungua karibu nusu. Lakini vifo vyote vikihesabiwa pamoja, tofauti ilikuwa ndogo sana. Wenye umri mdogo walionekana kufaidika kuliko wazee, maana mzee hukabiliwa na magonjwa mengine pia.

Walakini, tusikate tamaa upesi. Pengine udhaifu wenyewe umetokana na moyo mgonjwa, nao hupungua moyo ukisaidiwa. Chakula chema na mazoezi ya kutembea, yanayoongozwa na waganga, humsaidia mzee kurudisha nguvu.

Mafundisho ya Kanisa

Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwaeleza waganga kwamba mtu ana wajibu wa kutunza uhai kwa njia za kawaida, kadiri ya hali ya watu na mahali. Hafungwi kutumia njia zinazomtwika yeye au wengine mzigo uliopita kiasi. Neno hili latuhusu. Mashine hizi ni za bei kubwa, na hospitali nyingi za Kongo hazina. Basi jamaa isiyoweza kuzilipa bila kuuza shamba linalowalisha watoto haitendi dhambi ikimtunza mzee kwa dawa na kwa upendo.

Na mzee anayekaribia kufa, ambaye mashine yampiga umeme bure na kumtesa? Mganga aweza kuizima sehemu hiyo bila kumpasua. Huko si kuua: ni ugonjwa unaomaliza mwendo wake.

Kwa hiyo, enyi wazazi na vijana, kabla ya kuamua mwulizeni mganga: Mashine itampa mzee nguvu, au itazuia kifo cha ghafula tu? Mwili wake utastahimili kupasuliwa, na kupasuliwa tena betri itakapoisha? Itazimwa lini? Lakini kwanza mwulizeni mzee mwenyewe anachotamani, angali ana akili timamu. Mwiteni na padri mapema, ampe Mpako wa Wagonjwa. Kumsikiliza mzazi namna hiyo ni sehemu ya heshima tuliyoagizwa na Mungu.