Siri ya Miaka Mia: Sehemu ya Tatu – Moyo Unaostahimili

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama damu ya ukoo na chakula. Leo tuingie moyoni, tukianza na mwanamke aliyeendelea kuvuta sigara hata baada ya kupita miaka mia.

Jeanne Calment alizaliwa Arles, kusini mwa Ufaransa, tarehe 21 Februari 1875, akafariki mjini humo tarehe 4 Agosti 1997. Hiyo ni miaka 122 na siku 164, umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa hati. (Huenda kwetu wapo waliomkaribia, lakini aliyezaliwa "mwaka wa nzige" hana cheti cha kumwonyesha mtakwimu.) Mwaka 2018 mtafiti mmoja wa Urusi alidai kwamba aliyezikwa 1997 alikuwa binti aliyejitwalia jina la mamake. Wataalamu waliouhakiki umri wake walimjibu kwa hati, na wengi katika fani hiyo wako upande wao. Nami nimo.

Kinachonivuta zaidi ni misiba yake. Mwanawe wa pekee, Yvonne, alifariki mwaka 1934 akaacha mtoto wa miaka saba, ambaye bibi alishiriki kumlea. Mwaka 1942 akafiwa na mume. Mwaka 1963 alifariki mkwewe, kisha, kabla mwaka haujaisha, yule mjukuu, sasa daktari, akafa kwa ajali ya barabarani. Calment alikuwa na miaka 88, hana mume, mtoto wala mjukuu. Akaishi miaka mingine 34. Waliomhoji walimkuta mcheshi, mwepesi wa mzaha, mwenye kushikilia kwamba jambo usiloweza kulibadili halifai kukuhangaisha.

Tusikimbilie kuusifu moyo wake tu. Mumewe alikuwa mfanyabiashara tajiri, na yeye hakuwahi kuhangaikia riziki. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, alimuuzia mwanasheria mmoja nyumba yake kwa mkataba unaomtaka mnunuzi alipe kila mwezi hadi muuzaji afe: faranga 2,500, na bibi abaki ndani. Mnunuzi akatangulia yeye, mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa. Watu hukisimulia kisa hicho wakicheka. Mimi naona humo pensheni ya miaka 32, na mtu mwenye uhakika wa kodi na mkate hulala vizuri zaidi.

Hata hivyo, maisha ya mtu mmoja hayathibitishi kitu. Ushahidi mpana zaidi umetoka China, ambako tangu 1998 maelfu ya wazee wamekuwa wakifuatiliwa kwa maswali na vipimo. Wazee waliulizwa, kwa mfano, kama hutazama upande mzuri wa mambo, kama huhisi upweke au hofu, kama bado hujiamulia mambo yao wenyewe, na wakipatwa na shida humwambia nani. Mwaka 2010 Zeng Yi na Ke Shen walichapisha matokeo: miongoni mwa wenye miaka 94 hadi 98, waliokuwa na ustahimilivu mkubwa walikuwa na uwezekano wa kufika miaka mia uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 43, hata baada ya tofauti za afya kuzingatiwa.

Msomaji makini atauliza: je, si mwenye afya ndiye mchangamfu? Swali hilo haliishi kabisa, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kuondoa kila ugonjwa uliojificha. Isitoshe, waliovunjika moyo wakafa wakiwa na miaka 60 hawamo katika utafiti wa wazee wa miaka 94. Lakini turudi kwenye lile swali la mzee humwambia nani shida zake. Jibu lake ni mtu wa pili: mke, binti, jirani. Maana yake ni kwamba sehemu ya ustahimilivu tunaowasifia wazee imo mikononi mwa wengine, na mzee aliyeachwa peke yake kijijini, wanawe wote wakiwa mjini, hawezi kuupata kwa kuambiwa ajikaze.

Juma lijalo tutashuka hadi kwenye seli, tukitazama utafiti wa mwaka 2004 wa Elissa Epel na Elizabeth Blackburn kuhusu akina mama wanaouguza watoto wao kwa miaka mingi: muda huo unavyoacha alama kwenye ncha za kromosomu zao.